Hodi, pandishaPresha

Januari, Tartu. Nje digrii ishirini chini ya sifuri,
mto Emajõgi umeganda, watu wanauvuka kwa miguu.
Mimi niko ghorofa ya tatu na kahawa iliyokwisha poa,
nasoma msimbo wa boila za mji,
mistari elfu sita aliyoiandika Virve
kabla sijajua kuandika hata jina langu kwenye kompyuta.

Kila mbinu ameiacha wazi.
Ya umma, ya umma, ya umma,
kama nyumba isiyo na chumba, sebule mpaka jikoni,
mgeni akitaka chumvi anaitia mwenyewe chunguni.

Jumanne usiku Tõnis, kijana wa upande wa simu,
alitaka wazee wa jengo la saba wapate joto upesi.
Nia njema. Akaipita pashaJengo,
ambayo hupima kwanza, husubiri, hupima tena,
akaiita moja kwa moja pandishaPresha.
Nayo ikaitika. Ingefanyaje? Imeitwa.
Bomba likapasuka chini ya barabara
saa tisa na dakika kumi;
mvuke ukasimama mrefu kuliko mnara wa kanisa,
na bibi mmoja, Leida, akalala na koti, na viatu, na paka.

Nikampigia Virve huko alikostaafia, anakofuga nyuki.
"Kwa nini hukufunga?"
Akanyamaza. Nikasikia sufuria ikitokota.
"Baba yangu," akasema, "alikuwa na jalada katika ofisi ya watu,
jalada lake, ambalo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kulisoma.
Nikaapa: kitu nitakachounda mimi hakitakuwa na mlango.
Tena tulikuwa wanne tu. Tulijuana hadi kikohozi."

Kiapo sikuwa na jibu lake.
Nikasema tu: jalada lile lilimficha mtu asijijue;
hapa tunaikinga valvu na mkono wenye haraka.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na sijamwona mwenye kiu akiihoji kata.
Anataka maji.

"Na warithi?" akauliza, mwalimu ni mwalimu tu,
"madarasa yatakayozaliwa na hili?"
"Warithi nao wapige hodi."
Akacheka, mara ya kwanza. "Basi funga. Lakini ukifunga,
mlango utakaoubakiza uwe mlango kweli.
Usije ukawalazimisha watu kuingilia dirisha la choo."

Nikaandika neno moja mbele ya pandishaPresha:
faragha.
Herufi saba. Nikakusanya upya.
Skrini ikawa nyekundu juu mpaka chini.
Arobaini na mmoja! Wamekuwa wakipitia uani miaka yote hii:
wa bili, wa ripoti, wa majaribio,
mmoja wa kampuni iliyokwisha kufa na kuzikwa,
bado anaita kila usiku wa manane, bado anaitikiwa.
Nikawahesabu kama karani wa mahakama, kidole juu ya kioo,
midomo nimeibana,
mpaka wa thelathini na nne.

Jina langu.
Tarehe: mwaka aliozaliwa Maarja,
saa kumi alfajiri, na kando yake maelezo kwa mkono wangu:
"Kwa muda tu. Nitarekebisha kesho."

Miaka tisa, kesho ile.

Nakumbuka usiku wenyewe kwa harufu tu, maziwa na nepi,
mtoto kifuani, mkono mmoja kwenye kibodi,
na njia ndefu ilikuwa ndefu,
na ile ya uani ilikuwa wazi.

Tõnis akaja na keki ya kuomba radhi, theluji mabegani,
akasimama kizingitini, hajui aingie au arudi.
Nilikuwa nimemwandalia maneno tangu Jumatano.
Nikageuza skrini aione.
Akasoma. Akavuta kiti.

Tukaanza na wangu.